Mzio wa vyakula vya mimea: usiishie kwenye jina la chakula

Watu wengi wanaonijia huja na orodha. Wameacha karanga, wameacha soya, wameacha matunda karibu yote, sasa wanaitilia shaka ngano, na bado midomo inawawasha. Ninafanya kazi ya lishe, na hakuna kinachoniuma kama kumwona mtoto anayekua akiishi kwa vyakula vitano tu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza wazazi wake kwamba mwili wake haugombani na "matunda" wala na "vitu vya jamii ya karanga". Unagombana na protini moja au mbili zilizomo. Ukishaijua tabia ya protini hiyo, kama inaharibika kwa moto, kama inakaa kwenye ganda, kama inastahimili tindikali ya tumbo, mambo yaliyoonekana kama kiini macho yanaeleweka, na mara nyingi sehemu kubwa ya orodha inarudi mezani.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili. Tafuta inayofanana na yako, soma chanzo chake, kisha ujue cha kufanya na cha kumwuliza daktari. Ila zipo dalili ambazo si za kuchunguza, ni za kukimbilia msaada, nazo zinatangulia yote.

## Dalili zisizosubiri uchunguzi

Ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: pumzi inabana au kifua kinatoa mluzi, sauti inakwaruza ghafla, ulimi au koo linavimba, mabaka yanatokea huku mtu anatapika mfululizo, kizunguzungu, kuzimia, au mtoto anapauka na kulegea. Hiyo ni anafilaksia. Dawa yake ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, mapema iwezekanavyo. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, bila kuzidi miligramu 0.5, na kama hakuna nafuu baada ya dakika 5 hadi 15 dozi ya pili hutolewa.

Mlaze mgonjwa chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua mkalishe, akitapika au akizimia mlaze ubavu. Usimsimamishe wala usimtembeze, hata kwenda kwenye gari: damu ikishuka miguuni ghafla moyo unaweza kukosa cha kusukuma. Afike hospitali hata kama amepata nafuu, kwa maana dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Naomba hili lisomwe mara mbili: vidonge vya kuzuia histamini hupunguza muwasho na mabaka, lakini havifungui njia ya hewa iliyoziba na havipandishi shinikizo la damu lililoporomoka. Nimeona familia ikingoja kidonge kifanye kazi wakati sindano ipo kwenye mkoba. Usingoje.

## Kwa nini protini, na kwa nini mimea

Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kupigana. Kwa hiyo umejitengenezea protini za kujilinda dhidi ya kuvu na wadudu, na ndani ya mbegu umeweka protini za akiba za kulisha chipukizi. Nyingi kati ya hizo zimeumbwa ziwe ngumu, zidumu ardhini, zisioze upesi. Ugumu huo huo ndio unaozifanya zipite tumboni zikiwa bado na umbo lake, na kinga ya mwili huzitambua kwa umbo.

Kwa mwenye mzio, mwili ulishakosea siku moja ukatengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini fulani. Kingamwili hizo hukaa juu ya seli ziitwazo seli za masti, kwenye ngozi, utumbo na njia ya hewa, zikingoja. Protini ikirudi, seli hupasua vifuko vyake na kumwaga histamini na kemikali nyingine. Ndiyo maana dalili huja haraka.

Jambo la faraja ni kwamba protini za mimea zinazosababisha mzio zinatoka katika familia chache sana. Ukikuta kwenye majibu ya maabara maandishi kama Ara h 2, usiogope: herufi tatu za kwanza ni za jina la kisayansi la jenasi, herufi inayofuata ni ya spishi, namba ni ya mpangilio wa kugunduliwa. Karanga ni Arachis hypogaea, kwa hiyo Ara h 2 ni protini ya pili ya karanga kupewa namba. Namba hiyo ina maana kuliko neno "karanga".

## Dalili: mdomo unawasha kwa tunda bichi, likipikwa hakuna kitu

Unauma tufaha bichi, na ndani ya dakika tano midomo, ulimi na kaakaa vinawasha, labda koo linakwaruza kidogo. Baada ya nusu saa yameisha. Tufaha hilo hilo likichemshwa au kuokwa kwenye keki, unakula bila shida.

Chanzo kwa kawaida si tufaha, ni chavua. Chavua ya mti wa birchi ina protini iitwayo Bet v 1, ya familia ya PR-10. Tufaha, pichi, karoti, selari, soya na karanga zina ndugu zake wanaofanana naye sana sura. Mwili uliojifunza kuichukia chavua unamwona ndugu kwenye tunda na kupiga kelele. Familia nyingine ya namna hii ni profilini, zilizomo karibu katika kila mmea. Mwenye mzio wa chavua ya nyasi anaweza kuwashwa na tikiti, ndizi au nyanya kwa sababu yake.

Familia zote mbili ni dhaifu. Moto unavuruga umbo lake, na tindikali ya tumbo inazimaliza kabla hazijafika mbali, ndiyo maana ugomvi unaishia mdomoni. Ulizia nafsi yako: je, msimu wa chavua mafua na macho kuwasha hunijia? Je, tunda linanisumbua zaidi msimu huo? Ukijibu ndiyo mara mbili, umeshakaribia jibu. Pika tunda, au menya ganda, na usiliondoe tunda hilo katika kila umbo lake bila sababu.

Lakini usilidharau kabisa. Soya ni mfano. Ina protini ya PR-10 iitwayo Gly m 4, na mtu mwenye mzio wa birchi aliyezoea muwasho mdogo wa tufaha anaweza kunywa glasi kubwa ya kinywaji cha soya kilichopashwa moto kidogo tu na kuvimba uso mzima. Kiasi kilikuwa kikubwa, kilikuwa cha maji, kikamezwa kwa haraka. Muwasho ukivuka mdomo, ukawa mabaka mwilini, kutapika au kubanwa pumzi, ondoka katika sehemu hii ya mwongozo. Tatizo lako ni lingine.

Na kuna muwasho usio mzio hata kidogo. Nanasi lina bromelini, kimeng'enya kinachokatakata protini, na kinakwangua ulimi wa mtu yeyote akila kwa wingi. Majani na viazi vya jamii ya magimbi, visipoiva vizuri, vina fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kama sindano. Hapo mwili haujakosea, umechomwa kweli.

## Dalili: mabaka, kutapika au kifua kubana, hata chakula kikiwa kimeiva

Hapa tunazungumzia mbegu: karanga, korosho, jozi, hezeli, ufuta, haradali, soya. Wakosaji ni protini za akiba, na wabaya zaidi ni albumini za 2S. Ni ndogo, zimekunjwa kwa kubana na kushikizwa na vifungo vya salfa kama mzigo uliofungwa kamba pande zote. Moto wa jikoni hauzifungui, na vimeng'enya vya tumbo hupata tabu kuzikata. Ara h 2 ya karanga ni mojawapo, Ana o 3 ya korosho ni nyingine, Jug r 1 ya jozi pia.

Mapishi yanabadilisha mambo, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Karanga zilizokaangwa kavu kwa joto kali huwa na nguvu zaidi ya kuamsha mzio kuliko zilizochemshwa: joto kavu huunganisha protini na sukari na kuzifanya zishikwe vizuri zaidi na IgE, wakati maji ya kuchemshia huondoka na sehemu ya protini. Hilo halimaanishi kwamba karanga za kuchemsha ni salama kwa mwenye mzio. Ni maelezo ya kwa nini mtu alikula za kuchemsha akawashwa kidogo, kisha akala za kukaanga akapelekwa hospitali, na familia ikadhani zile za pili zilikuwa na sumu.

Swali linalofuata daima ni hili: niache nini kingine? Undugu wa botania unasaidia, lakini si wa kuufuata kwa upofu. Korosho na pistashio ni ndugu wa karibu, na anayedhurika na moja mara nyingi hudhurika na nyingine. Jozi na pekani vivyo hivyo. Karanga, kwa upande mwingine, si jamii ya korosho. Ni mkunde, mwenzake maharage na njegere. Wengi wenye mzio wa karanga wakipimwa huonyesha alama kwa mikunde mingine, lakini wachache tu ndio wanaodhurika wakiila. Kuwanyima maharage kwa sababu ya alama ya maabara ni kosa ninalokutana nalo mara kwa mara, na kwa mtu asiyekula nyama ni kumnyang'anya chakula chake kikuu cha protini. Lupini, mkunde mwingine, ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa undugu wake na karanga hudhihirika mwilini, na uwatu pia umewahi kuwafanyia wenye mzio wa karanga vivyo hivyo.

Kisa kimoja kinaonyesha vizuri kwamba mkosaji ni protini na si mmea. Watafiti nchini Marekani walitaka kuiongezea soya asidi amino ya methionini, wakachukua jeni ya protini ya njugu za Brazili na kuipandikiza. Mwaka 1996 matokeo ya majaribio yalichapishwa: damu ya watu wenye mzio wa njugu za Brazili iliitambua soya hiyo, na ngozi zao zikavimba walipochomwa nayo. Kwa jicho ilikuwa soya, lakini kwa kinga ya mwili ilikuwa njugu. Mradi ukaachwa, na soya hiyo haikufika sokoni. Protini iliyohamishwa ilikuwa albumini ya 2S.

Kama dalili zako ni za sehemu hii, usijijaribu nyumbani, hata kwa punje moja. Acha chakula husika, omba kipimo cha protini moja moja, na ulizia kama unastahili kutembea na kalamu ya adrenalini, yaani sindano yenye dozi tayari.

## Dalili: ganda linadhuru, nyama ya tunda hapana

Mtu anakula pichi na ganda lake, midomo inavimba na mabaka yanatokea. Likimenywa vizuri, anakula. Kisha siku moja anakunywa juisi ya pichi ya pakiti, iliyopashwa moto kiwandani, naye anaumwa. Anajiuliza: kama moto unasaidia, mbona hii imenidhuru?

Moto hausaidii kwa sababu hii si PR-10. Ni protini za kubeba lipidi (mafuta), kwa kifupi LTP, na ile ya pichi inaitwa Pru p 3. Mmea huiweka kwa wingi kwenye ganda, mahali adui anapoingilia, na inastahimili moto na tumbo pia. Juisi iliyosagwa na maganda yake huibeba yote. LTP zimo pia katika tufaha, zabibu, jozi, mahindi na ngano, kwa hiyo mwenye tatizo hili huweza kuumwa na vitu visivyofanana kabisa, akaonekana kama anayebuni. Habuni. Mwulize daktari apime Pru p 3. Ikiwa ndiyo yenyewe, usitegemee ushauri wa "kipike tu".

## Dalili: jana nilikula salama, leo nimeanguka

Hii ndiyo dalili inayowachosha watu kuliko zote, na ndiyo iliyonifundisha kuuliza maswali yasiyohusu chakula.

Alinijia kijana mmoja aliyekula mkate kila asubuhi ya maisha yake. Mara tatu katika mwaka mmoja alipata mabaka mwili mzima, na mara ya tatu alizimia. Alishuku maji ya kunywa, majani ya uwanjani, jasho, hata sabuni ya kufulia jezi. Tulikaa na daftari lake mezani. Nilimwomba aandike kwa kila tukio saa aliyokula, saa aliyoanza kucheza mpira, na dawa yoyote aliyomeza. Safu tatu za kalamu zikasimama pamoja: kila mara alikuwa amekula mkate au tambi, na ndani ya saa mbili alikuwa anakimbia. Siku aliyozimia alikuwa pia amemeza ibuprofeni kwa sababu ya goti. Siku alizokula mkate akakaa, hakuna kilichotokea. Siku alizokimbia kabla ya kula, hakuna kilichotokea.

Protini ilikuwa omega-5 gliadini, mojawapo ya protini za glutini ya ngano. Mazoezi, hasa ndani ya saa nne baada ya kula, huufanya utumbo uipitishe kwa urahisi kwenye damu na kuzifanya seli za masti zilipuke kwa kichocheo kidogo. Aspirini, ibuprofeni na dawa za jamii yake hufanya kazi hiyo hiyo, pombe vilevile, na homa, hedhi au kukosa usingizi huweza kuongeza uzito upande huo wa mizani. Kipimo cha kawaida cha ngano kinaweza kurudi hakina kitu. Inabidi daktari aagize omega-5 gliadini kwa jina lake. LTP nazo zina tabia hii ya kungoja kichocheo cha pili.

Kwa hiyo kama dalili zako huja na kuondoka, usiandike chakula peke yake. Andika ulichofanya saa nne baada ya kula, dawa ulizomeza, kama ulikunywa pombe, ulilala saa ngapi, ulikuwa na mafua au la. Na hadi utakapopata jibu, usifanye mazoezi peke yako baada ya mlo.

## Dalili: glavu au baluni zinawasha, na sasa matunda pia

Mpira asilia ni utomvu wa mti, na umejaa protini za ulinzi. Mojawapo, heveini, ina pacha katika vimeng'enya vya kuvunjia kuvu vilivyomo kwenye parachichi, ndizi, kiwi na chestinati. Takriban theluthi hadi nusu ya wenye mzio wa mpira huumwa na tunda mojawapo la aina hii. Kama wewe ni muuguzi, mfanya usafi au umefanyiwa upasuaji mwingi, na ndizi imeanza kukuwasha, mwambie daktari habari ya glavu kabla ya habari ya ndizi. Mwambie pia daktari wa meno na wa upasuaji.

## Dalili: sijala kitu hicho, lakini nimeumwa

Binti yangu ana mzio wa ufuta. Siku moja, nyumbani kwetu, alikula wali mweupe uliopikwa kwenye sufuria safi, na shavu lake likavimba mbele ya macho yangu. Nilirudi jikoni nikapekua kila kitu. Sufuria safi, mchele safi, mafuta ya kawaida. Kilichobaki ni kijiko cha mbao. Asubuhi yake nilikigeuzia mkate wenye ufuta, nikakisuuza kwa maji na kukirudisha. Nilipokitazama kwenye mwanga, ndani ya ufa wa mbao palikuwa na punje mbili. Tangu siku hiyo mwiko wake una alama nyekundu na hautumiki kwa kingine.

Maji peke yake hayaondoi protini, wala kitakasa mikono cha alkoholi: kinaua vijidudu, lakini protini inabaki pale pale. Sabuni, maji na kusugua ndivyo vinavyoiondoa.

Mafuta yanachanganya watu. Mafuta ya karanga au soya yaliyosafishwa kiwandani huwa yamepoteza karibu protini yote. Yaliyokamuliwa baridi, yenye harufu na rangi ya mbegu, bado yanayo, na mafuta ya ufuta kwa kawaida huuzwa hivyo. Kwa mwenye mzio mkali hayo ya pili ni hatari.

Halafu kuna protini za mimea zilizokolezwa. Unga wa protini ya njegere, soya au lupini sasa umo kwenye vyakula vya kuchukua nafasi ya nyama, maziwa ya mimea, vinywaji vya wanamichezo na mikate isiyo na glutini. Mtu anayekula kijiko cha njegere bila shida anaweza kupata, kwenye kinywaji kimoja, protini ya bakuli zima. Soma kiungo kwa kiungo. Sheria za lebo hazifanani: Umoja wa Ulaya unadai vizio 14, yaani vyakula vinavyoamsha mzio, vitajwe, vikiwemo selari, haradali, ufuta na lupini; Marekani ina 9, na ufuta uliingia mwaka 2023 tu. Bidhaa iliyotoka mbali imefuata sheria za ilikotengenezwa au ilikolengwa, si zako.

## Dalili: mtoto hajawahi kula, mbona ameumwa mara ya kwanza?

Kwa sababu huenda mwili ulikutana na protini hiyo kupitia ngozi. Ngozi yenye ukurutu ina nyufa, na chembe za chakula zilizomo kwenye vumbi la nyumba na mikononi mwetu huingia humo. Kinga inayokutana na protini kwenye kidonda huiona kama adui. Inayokutana nayo utumboni mapema huelekea kuizoea.

Ushahidi wa njia ya ngozi ulionekana wazi nchini Japani, ambako sabuni ya uso iliyokuwa na protini ya ngano iliyokatwakatwa iliwaachia zaidi ya watu 2,000 mzio wa ngano. Walikuwa watu wazima, wengi wao waliokuwa wakila ngano miaka yote. Sabuni iliondolewa sokoni mwaka 2011.

Ushahidi wa njia ya mdomo ulitoka Uingereza mwaka 2015. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, waligawanywa: wengine walishwe vyakula vya karanga mara kwa mara, wengine wasiguse. Walipofika miaka mitano, katika wale ambao kipimo chao cha ngozi kilikuwa safi mwanzoni, asilimia 13.7 ya waliozuiwa walikuwa na mzio wa karanga, na asilimia 1.9 tu ya waliolishwa. Ushauri wa zamani wa kuchelewesha ulikuwa umewadhuru watoto. Mtoto mwenye ukurutu mkali aonane na daktari kabla ya kuanzishiwa karanga, na karanga nzima kamwe asipewe mtoto mdogo, kwa hatari ya kumpalia.

## Dalili: inachukua saa nyingi, au siku

Dalili zikichelewa hivyo, tafuta chanzo kingine. Mtoto mchanga anayetapika mara nyingi saa moja hadi nne baada ya uji wa mchele au wa oti, akapauka na kulegea, bila mabaka yoyote, anaweza kuwa na ugonjwa wa utumbo unaochochewa na protini ya chakula. Hauhusishi IgE, kwa hiyo vipimo vya ngozi havionyeshi kitu, na anachohitaji kwa haraka ni maji mwilini, hospitalini.

Kuharisha kwa muda mrefu, kukonda na upungufu wa damu kwa mla ngano huelekeza kwenye ugonjwa wa seliaki, ambao ni vita ya kinga dhidi ya utumbo wenyewe, ikichochewa na glutini. Usiache ngano kabla ya kupimwa! Ukiacha, kingamwili hushuka na kipimo kinadanganya. Tumbo kujaa gesi tu baada ya ngano au vitunguu mara nyingi ni fruktani, ambazo ni wanga. Na vipele vya maji kuzunguka mdomo siku moja au mbili baada ya kula embe kwa kulimenya na meno ni kazi ya utomvu wa ganda, ambao kemikali yake ni ya mafuta, si protini. Mkono mwingine ukikumenyea embe hilo, huenda ukalila kwa raha.

## Kipimo kinasema ndiyo, mwili unasema hapana

Basi mwili ndio unaoaminika. Kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi huonyesha kwamba IgE ipo. Hakionyeshi kwamba utaumwa. Ukila chakula mara kwa mara bila dalili, usikiache kwa sababu ya karatasi, maana kuacha kwa muda mrefu kunaweza kuvunja uvumilivu uliokuwepo. Vipimo vya IgG, kingamwili za aina nyingine, vinavyouzwa vikiwa na orodha ya vyakula mia vinaonyesha tu ulichozoea kula. Okoa fedha zako.

Kinyume chake pia hutokea. Unaumwa waziwazi, kipimo hakina kitu. Sababu zinaweza kuwa tatu. Ulimeza dawa ya kuzuia histamini ndani ya siku chache kabla ya kipimo cha ngozi. Au dondoo la kiwandani, yaani kimiminika cha chakula kinachotumika kupimia ngozi, limepoteza protini dhaifu za tunda, na daktari anapaswa kuchoma tunda bichi kisha ngozi yako kwa sindano hiyo hiyo. Au protini ni oleosini, za matone ya mafuta ya karanga na ufuta, zisizoyeyuka katika maji na hivyo hazimo kwenye dondoo. Hukumu ya mwisho ni kula chakula chenyewe kwa kipimo kinachoongezwa pole pole, kliniki, adrenalini ikiwa mezani.

Ukienda huko, beba daftari lenye saa, kiasi, namna kilivyopikwa, na picha za mabaka kabla hayajapotea. Beba na pakiti yenye lebo. Na kilichobaki kwenye sahani usikitupe: kifunge, kiandike tarehe, kigandishe, kwani huenda ndicho daktari atakachokichoma kwa sindano.